Fundi Opicho na Basi Lisilosalimu

Ijumaa hii, tarehe 31 Julai, Bwana Wycliffe Opicho, fundi mkuu wa karakana yetu, anastaafu baada ya kuihudumia shule hii hapa Umoja kwa miaka thelathini na mitatu. Mwalimu mkuu, Madam Waithera, aliomba darasa la ufundi wa magari limwandikie wasifu huu. Alisema sisi ndio tuliomjua akiwa na grisi mikononi.

Bwana Opicho hakuja hapa kutafuta kazi. Mwaka wa 1993 alikuwa akitengeneza malori katika gereji moja kule Industrial Area, akatumwa kurekebisha pampu ya dizeli ya basi la shule. Kazi yenyewe ilikuwa ya siku moja. Alipoinua kichwa kutoka kwenye injini, wanafunzi walikuwa wamemzunguka wakimuuliza maswali, na mwalimu mkuu wa wakati huo akamwomba arudi Jumatatu. Amekuwa akirudi kila Jumatatu tangu siku hiyo.

Wazazi wengi watakaosoma ukurasa huu walisomea hapa, nao wanalikumbuka basi kuukuu waliloliita Nyanya. Nyanya halikuwaka asubuhi za baridi bila kusukumwa. Fundi alikaa kwenye usukani, akatoa mkono dirishani na kuita, "Sukumeni, wanangu! Chai mmekunywa ya nini?" Hata leo watu wazima wa Kayole na Dandora wakikutana naye dukani huinua mikono yote miwili mbele ya kifua kana kwamba wanasukuma kitu. Hiyo ndiyo salamu yao. Naye huwauliza kama wamekunywa chai.

Katika karakana yake kuna sheria moja: hakuna kugusa spana kabla ya kusikiliza. Fundi ana bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao uliong'aa kwa kushikwa. Ncha huwekwa kwenye chuma cha injini, mpini huwekwa sikioni, na mwanafunzi huandika katika Daftari la Sauti kile alichokisikia, kwa maneno yake mwenyewe. Tuna madaftari kumi na manne. Ndani yake mtu ataona injini inayolia "kama mama anayepepeta mchele", nyingine "kama cherehani ya jirani", na moja ya mwaka 2004 iliyolia "kama mwalimu wa zamu akikohoa ili tujue anakuja". Chini ya kila sauti Fundi huandika ugonjwa uliopatikana. Yeye husema gari ni kama mgeni, lazima kwanza msalimiane.

Ndiyo maana mwezi wa Februari ulimtatiza sana. Kampuni moja inayounda magari ya umeme ilituletea basi jipya ili tulijaribu kwa miezi miwili. Lilikuwa jeupe na safi, na viti vyake bado vilikuwa na karatasi za plastiki. Fundi alipanda akiwa amevaa ovaroli iliyopigwa pasi, akageuza ufunguo, akangoja. Hakusikia kitu. Akazima, akageuza tena, akangoja zaidi. Kisha akatoa kichwa dirishani na kutangaza, "Limekufa. Sukumeni!"

Tulisukuma kumi na tisa. Mhandisi wa kampuni, Bi. Mbeti, alitoka ofisini akikimbia na viatu vyake vya visigino virefu. "Mzee wangu, hilo halisukumwi! Liko tayari, toa breki tu!" Fundi akatoa breki, na basi likaondoka lenyewe kimyakimya. Sisi tuliokuwa tumeliegemea tulianguka mchangani kama viazi kutoka guniani.

Bi. Mbeti alicheka mpaka akashika ukuta. Fundi alishuka, akalitazama basi, akasema, "Hata ng'ombe hukusalimu ukiingia zizini. Hili lako halisemi neno." Jioni hiyo aliandika katika Daftari la Sauti: "Basi la umeme. Kimya."

Tulicheka, lakini hakukuwa na furaha nyingi karakanani wiki hizo. Bodi ya shule ilikuwa imependekeza kuifunga karakana mwishoni mwa mwaka huu na kuigeuza stoo, kwa kuwa magari ya mafuta yanaelekea kuisha na hakuna haja ya kufundisha watoto ufundi wa jana. Kwetu sisi wanafunzi kumi na tisa hilo lilimaanisha kuingia Kidato cha Nne bila somo tulilolichagua. Kwa Fundi lilimaanisha kwamba angestaafu na nyuma yake mlango ungefungwa kwa kufuli.

Katika mkutano wa bodi na kampuni, Fundi aliruhusiwa kuuliza swali moja. Aliuliza basi hilo likiharibika, nani angelitengeneza. Bi. Mbeti alijibu kwa heshima kwamba lingebebwa na lori hadi kiwandani, kwa sababu mafundi wa nje hawapewi kitabu cha matengenezo. Fundi akasema maneno ambayo Madam Waithera ametuambia tuyaandike vile vile: "Binti yangu, mko tayari kutuuzia, hilo naliona. Lakini likikwama Spine Road siku ya mvua na watoto wamo ndani, huo ndio mtihani wa utayari wenu. Mtengenezaji aliye tayari huacha nyuma yake mtu anayejua." Bodi ilimshukuru, ikaendelea na ajenda nyingine.

Hakununa. Kila asubuhi alilala chali chini ya basi lile jeupe, akaweka bisibisi kwenye ekseli huku mmoja wetu akilisogeza polepole uwanjani chini ya uangalizi wa dereva wa kampuni. Samahani, Fundi, lazima tuseme ukweli: ulituambia wewe mwenyewe kwamba sheria za usalama haziruhusu hilo, na wewe ndiye uliyezivunja! Baadaye alirekebisha mtindo, basi likainuliwa kwa jeki na magurudumu yakazunguka hewani. Kwa wiki tano aliandika neno lile lile, kimya, kimya, kimya. Katika wiki ya sita akaandika: "Gurudumu la nyuma kushoto. Mtu anatafuna njugu chumba cha pili."

Tarakilishi ya kampuni haikuona kosa lolote. Walipima mara tatu, na mara zote tatu ikaonyesha alama ya kijani. Siku iliyofuata timu yetu ya voliboli ilikuwa na mechi Thika, na Fundi akakataa basi lile litoke langoni. Madam Waithera alikasirika, wala hafichi jambo hilo. Wachezaji walikodiwa magari mengine wakafika wamechelewa, na wanafunzi wengine wakanong'ona kwamba mzee anaionea wivu betri. Jacky, nahodha wa timu, alimwambia waziwazi, "Fundi, wewe unalichukia tu kwa sababu lilikuaibisha." Fundi alimjibu, "Mama, aibu nimeizoea. Mazishi sijayazoea."

Bi. Mbeti alilifungua gurudumu mwenyewe hapa karakanani, sote tukitazama. Beringi, ile pete ya chuma inayoliwezesha gurudumu kuzunguka, ilikuwa imepasuka upande mmoja, ufa mwembamba kama unywele. Alikaa juu ya tairi akiwa ameishika kiganjani. Kisha akaomba bisibisi, akaweka ncha kwenye gurudumu la kulia lililo zima likizungushwa, mpini sikioni, akasikiliza, na akauliza kama angeweza kuyasoma madaftari. Alikaa nayo hadi kengele ya saa kumi. Jacky naye alimletea Fundi soda, akaiweka mezani.

Mwezi wa Juni barua ilifika. Kampuni imetupatia kitabu cha matengenezo cha sehemu zote isipokuwa betri, imetuletea mota moja kuukuu ya kujifunzia, na itawapa mafunzo walimu wetu wawili. Bodi imeahirisha kufungwa kwa karakana kwa mwaka mmoja, kisha itaangalia tena. Betri yenyewe bado imefungwa kwa nati ambazo hatuna spana yake. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba watengenezaji wa magari wako tayari. Tunaweza kusema kwamba wameanza kusikiliza, na kwamba sisi kumi na tisa tutamaliza Kidato cha Nne tukiwa na somo letu.

Jumatatu wiki hii Fundi alifundisha somo lake la mwisho. Aliiwasha ile mota mezani, tukasikiliza mmoja baada ya mwingine. Mmoja wetu aliandika "nyuki kwenye chupa", mwingine "jokofu la bucha", mwingine "mtu anayeimba akiwa amefunga mdomo". Fundi alisoma yote. Kisha akafungua ukurasa wa Februari, akalikata neno "Kimya" kwa mstari mmoja, na kando yake akaandika kwa kalamu nyekundu: "Lilikuwa likisema. Ni mimi niliyekuwa sijazoea." Akaiweka bisibisi juu ya daftari, akavua ovaroli, akaitundika.

Fundi, asante kwa kutungoja tusikie. Tunajua unaenda nyumbani Kimilili, ambako umenunua ng'ombe wawili. Wakusalimu kila asubuhi, na afya yako isihitaji kusukumwa hata siku za baridi. Nasi tutaendelea kuandika.

Imeandikwa na Triza Khavere, Kidato cha Tatu, kwa niaba ya darasa la ufundi wa magari.