Reina Binti Domitila: Wasifu wa Marehemu Reina Azulay Murayari, 1938–2009

Zamani Myahudi wa Iquitos, mji wetu wa msituni Peru, alijulikana kwa mishumaa ya Ijumaa mezani kwake. Siku hizi anajulikana kwa hati ya marabi kutoka Lima.

Marehemu Reina alizaliwa Nauta tarehe 14 Machi 1938. Baba yake, Isaac Azulay, alikuwa mjukuu wa mchuuzi Myahudi wa Tangier, Moroko. Mama yake, Domitila Murayari, alikuwa Mkukama, wa wenyeji wa asili wa mto Amazon, muuza samaki. Reina alisoma kwa watawa hadi darasa la tano. Sala za Kiebrania, yeye na kaka yake Jacobo walifundishwa na baba.

Tangu 1957 alishona nguo sokoni Belén. Mwaka 1961 aliolewa na Samuel Toledano, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 1990.

Mwaka 2002 alikuja rabi. Reina akamwomba ruhusa ya kuja kuzikwa kando ya baba yake, kwenye makaburi ya Wayahudi.

"Mama yako nani, bibi?"

"Domitila Murayari."

"Basi kisheria wewe si Myahudi. Uyahudi hufuata mama."

Jacobo akafoka, "Na wana wa Yusufu? Mama yao si Mmisri? Sheria hii imeanza lini?"

Rabi akakiri kwamba kale kabila lilifuata baba. Siku za Ezra, waliporudi kutoka Babeli, wake wa kigeni walifukuzwa pamoja na watoto wao. Karne nyingi baadaye wanazuoni wakaiandika sheria. Kwa nini hasa, hakuna ajuaye kwa yakini.

Reina alipigwa na butwaa. "Kaka, sheria kubwa hivyo, imetoka huko kote, kumbe inamuulizia mama? Humu mjini nani aliwahi kuniuliza jina la mama yangu?"

Akajifunza dini ili aongoke kisheria. Agosti 2004, mbele ya marabi watatu, alijitosa mzima mtoni Nanay, kama sheria ya uongofu itakavyo.

"Bibi mzima unaogeshwa kama kichanga!" Jacobo, aliyekataa katakata kuongoka, alimtania ukingoni.

"Njoo na wewe, unanuka!"

Tangu hapo aliitwa binti Sara, kama waongofu wote.

Figo zilimsumbua tangu 2008, akafariki nyumbani tarehe 3 Juni 2009. Leo analazwa kando ya baba yake. Ameacha watoto, Moisés na Estrella, waliohamia Israeli kama vijana wetu wote, hata sinagogi limebaki viti vitupu; ameacha pia wajukuu watano, na Jacobo. Mungu ampumzishe salama.

Jacobo alimwona mara ya mwisho asubuhi ya siku aliyofariki. Reina alimwomba amsomee sala ya wagonjwa, ambayo humtaja mgonjwa kwa jina la mama.

"Reina binti Sara..." akaanza Jacobo.

"Sara ana wengi wa kumtaja. Mama yetu je?"

Jacobo, aliyejivunia jina la baba maisha yake yote, akaanza upya: "Reina binti Domitila."

"Rudia, kaka. Kwa sauti."