Sala za Peter na Tomasi

Kijiwe cha Odilia kiko njia panda ya Kilosa, hapa Mikumi, mbele ya duka la matairi ambalo mwenye duka alilifunga akahamia Ifakara. Ni mabenchi mawili ya mbao yanayotazamana, jiko la mkaa katikati, birika, vikombe vidogo na sinia la kashata. Malori ya Zambia yakipita, msemaji hunyamaza, lori likiisha anaendelea pale pale alipoachia. Hapo mtu haitwi jina alilopewa na wazazi wake. Mzee Hussein, aliyefanya kazi ya reli Kidete mpaka akastaafu, anaitwa Stesheni. Gabrieli, fundi wa malori, anaitwa Spana. Na Timotheo, mwalimu wa dini katika sekondari ya masista ng'ambo ya barabara, anaitwa Mlezi, kwa sababu ndiye mlezi wa kikundi cha vijana Wakatoliki shuleni. Jina hilo alikuwa akilipenda. Siku hizi likitajwa, anainamisha macho kwenye kikombe.

Siku ile ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa Mlezi hakuwa mtu wa kijiweni. Baada ya vipindi alikuwa kanisani shuleni na vijana wake: rozari, nyimbo, neno fupi, kisha soga mpaka kengele ya chakula. Odilia alipomwona anavuka barabara saa ya rozari, alimmiminia kahawa bila kumuuliza. Naye husali parokia moja na Timotheo, na habari alikuwa nazo.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mwenyekiti wa kikundi alikuwa Shimba, kijana wa kidato cha tatu, mtoto wa wafugaji waliohamia Tindiga kutoka kanda ya ziwa. Aliyemtangulia katika uenyekiti ni Tomasi, mtoto wa wakulima wa mpunga wa Tindiga hiyo hiyo, aliyemaliza kidato cha nne mwaka jana. Tomasi ndiye aliyemfundisha Shimba kuongoza rozari bila kuyakimbiza maneno. Kwenye mafungo ya Kwaresima walilala chumba kimoja na kula sahani moja, ilhali huko bondeni wazee wao walikuwa hawasalimiani. Timotheo aliwatazama wale wawili akaona kazi yake imezaa. Aliwahi kumwambia Sista Magreti, mkuu wa shule, kwamba hata akihamishwa kesho, hao wawili wanamtosha.

Kisha, mpunga ulipokaribia kuvunwa, ng'ombe wa kina Shimba wakaingia shamba la watu. Aliyekuwa anachunga ni Peter, kaka mkubwa wa Shimba. Mbiu ikapigwa, wanaume wakakusanyika na marungu. Peter alipigwa, akafia njiani akikimbizwa hospitali Kilosa. Polisi wakakamata vijana kadhaa wa kijiji. Mmoja wao alikuwa Tomasi.

Ijumaa iliyofuata Timotheo alisimama mbele ya kikundi akasema wamwombee marehemu Peter. Kabla hajafika mwisho wa sala, watoto wa wakulima walikuwa wameinuka mmoja mmoja na kutoka. Binti mmoja, Jenipher, alimwambia mlangoni kwa adabu kabisa kwamba mpunga ule uliolishwa ng'ombe ndio uliokuwa ada yake, na mbona huo hauombewi. Ijumaa ya pili Timotheo akasema wamwombee na Tomasi aliye mahabusu. Siku hiyo walioinuka ni watoto wa wafugaji. Shimba hakuwepo hata kuyaona hayo. Baba yake alishamwita nyumbani achunge ng'ombe walioachwa na kaka yake. Ijumaa ya tatu Timotheo alipiga goti peke yake, akamaliza rozari nzima akisikia sauti yake tu inavyorudi kutoka ukutani. Sista Magreti akamshauri kikundi kipumzike kwanza, mpaka kesi iishe. Kesi hiyo hakuna aliyejua itaisha lini.

Kwa hiyo sasa alikuwa pale kwenye benchi, na wenzake wote walijua sababu. Spana ndiye aliyeanza, maana kimya humwasha.

— Tatizo simu, alisema. Mtoto anashinda anaangalia watu wanachinjana kwenye kioo, jioni unamwambia kaa tusali. Atasali nini huyo?

— Tomasi hakuwa na simu, alisema Odilia.

— Basi alikuwa anaazima.

Stesheni alikunywa kahawa yake polepole, akaweka kikombe chini. Alisema simu ni jambo dogo, simu zipo dunia nzima. Kwa maoni yake mambo yaliharibika pale milima ya Kilosa ilipotobolewa ili reli mpya ipite. Reli yake yeye, ile ya zamani, iliuzunguka mlima na kuupa heshima yake. Hii ya sasa imepita tumboni. Baruti zilipokuwa zinalia, ng'ombe waliacha njia zao walizozizoea, na watu nao vichwa vikalegea.

— Mzee wangu, Tindiga na mahandaki wapi na wapi? Spana alimuuliza.

— Ardhi ni moja. Wewe ukipigwa ngumi ya tumbo, machozi si yanatoka machoni?

Spana hakukubali kushindwa. Akaiacha simu, akahamia kwenye sukari. Vijana wa wilaya hii, alisema, wanatafuna miwa ya Ruaha tangu wanaota meno, na chai wanaikoroga mpaka kijiko kinasimama. Damu yao inachemka. Wafugaji nao wamelelewa kwa maziwa, damu yao ni nzito. Sasa ukizilaza damu hizo mbili chumba kimoja kwenye mafungo, unategemea nini? Odilia alimkumbusha kwamba chumba kimoja ndimo walimopatana. Spana akajibu kuwa ndiyo maana kishindo kilikuwa kikubwa, na akachukua kashata nyingine.

Mjadala ukapanda hivyo mpaka ukafika kwa tembo. Stesheni alidai kwamba zamani, kabla barabara haijawekwa lami, tembo wa mbugani walikuwa wakipita usiku pale pale ilipo shule, wakishuka kwenda kunywa maji. Wazungu waliojenga kanisa la shule hawakumuuliza mtu. Kanisa liko katikati ya njia ya tembo. Tembo siku hizi hawapiti, lakini njia ni njia, na sala yoyote inayosimamishwa pale itakanyagwa tu. Spana alifikiri kidogo, akasema hilo nalo lina ukweli ndani yake, kwa sababu hata mnara wa kengele umepinda.

Timotheo alikuwa akiwasikiliza, na kwenye tembo alikaribia kucheka. Aligundua kwamba anatamani mojawapo ya hayo liwe kweli. Ingekuwa simu, zingekusanywa. Ingekuwa sukari, angewanyima. Ingekuwa kanisa limekaa vibaya, angelibomoa yeye mwenyewe tofali kwa tofali na kulijenga kwingine. Alitafuta moyoni kosa ambalo mtu anaweza kulishika kwa mkono akalirekebisha, hakuliona. Alichokiona ni wale vijana wawili wakila sahani moja, na hakuwa anajua tena kama alichokiona siku ile kilikuwepo.

Odilia alimwongeza kahawa.

— Mlezi, nasikia ulikwenda Kilosa kumwona Tomasi.

Timotheo akawaambia, kwa sauti ya chini, kwa sababu walikuwa watu wake na hakuwa na wengine wa kuwaambia. Alimpelekea Tomasi sabuni na fulana. Kijana alikuwa amekonda, amenyolewa, akaamkia shikamoo kama vile wako darasani. Timotheo hakumuuliza kitu. Aliogopa kuuliza. Walikaa tu, askari amesimama pembeni, mpaka Tomasi mwenyewe akasema:

— Nilikuwepo, Mwalimu.

Timotheo alisubiri aseme kwamba hakupiga. Au kwamba alijaribu kuwazuia wenzake, au kwamba alichelewa kufika. Lolote katika hayo angelipokea na kuondoka nalo. Tomasi hakuongeza neno. Muda ulipokwisha aliuliza kama Shimba bado anaongoza rozari, na Timotheo akamdanganya kwamba ndiyo.

Kutoka Kilosa alikwenda mpaka Tindiga kumtafuta Shimba. Alimkuta machungani, amevaa koti la Peter. Alimbembeleza arudi shule, akamwambia kitanda chake bweni kipo, kikundi kinamsubiri, na huo wa kikundi ulikuwa uongo wa pili. Kisha akamwambia wasali. Wakasimama pale pale katikati ya ng'ombe, wakaanza Baba Yetu, na sauti ya kijana ikakatika katikati ya sala. Hakulia. Alieleza kama mtu anayeeleza pikipiki ilipoharibikia.

— Nikifika pale pa kusamehe nanyamaza, Mwalimu. Halafu naona namdanganya Mungu, naanza upya. Nafika pale pale. Siku hizi sianzi.

Pale kijiweni Spana aliirudisha kashata kwenye sinia. Stesheni, ambaye ni Mwislamu na wala hajui Baba Yetu ina maneno gani, alitikisa kichwa taratibu akasema kwamba hilo alilolisema yule kijana halina dawa ya mwalimu. Alilisema kwa huruma. Timotheo akalisikia kama hukumu.

Hapo ndipo bodaboda iliposimama mbele yao. Godoro lilikuwa limekunjwa na kufungwa nyuma kwa kamba, tranka la shule limebanwa mbele ya dereva, na kati ya dereva na godoro alikuwa ameketi mama mmoja mrefu, amejifunga khanga nyeusi kichwani. Timotheo alimtambua kabla hajashuka. Alikuwa Kishiwa, mama yake Shimba, ambaye mpaka leo watu wote wanamwita Mama Peter.

Alimwamkia Stesheni kwa kupiga goti kidogo, akasalimiana na Odilia na Spana. Timotheo akasimama.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, mwanangu. Shuleni wameniambia nitakukuta hapa.

Odilia alimpisha kwenye benchi na kumpa pole ya msiba. Kahawa akakataa, akaomba maji. Kiswahili chake kilikuwa cha kutafuta, neno moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Alisema amekuja kuchukua vitu vya Shimba. Sista alilia, akamwomba avumilie, amwache mtoto amalize masomo. Lakini baba yake ameshasema. Peter hayupo, na ng'ombe hawachungwi na picha. Ameona si vizuri kuondoka bila kumwona mwalimu, kwa kuwa mtoto akija likizo alikuwa haishi kumtaja.

Timotheo alitaka kusema jambo juu ya kitanda, juu ya kidato cha nne, juu ya kumwombea nafasi mwakani. Mama Peter alinyanyua kiganja kidogo tu, akamkatiza.

— Mimi sikusoma, alisema. Nikuulize kitu. Shimba alikuwa anatueleza ulivyowafundisha. Mtu akikukosea, usirudishe. Baba yake alikuwa anamcheka. Sasa hivi anakaa na rungu la kaka yake mapajani, jioni mpaka tunalala. Hasemi na mtu. Mimi namwogopa, mtoto niliyemzaa. Lakini hajarudisha. Kwa hilo nakushukuru.

Alikunywa maji yote, akamrudishia Odilia kikombe.

— Wale waliompiga Peter ni vijana kama yeye. Na wao kwao wanasali, nawaona Jumapili wanapita. Wao alikuwa anawafundisha nani?

Hakuwa anamsema mtu. Uso wake ulikuwa wazi, aliuliza kwa sababu alitaka kujua. Timotheo akaelewa papo hapo kwamba Shimba hajamwambia mama yake kwamba Tomasi naye alilelewa katika kikundi kile kile. Wiki zote hizi alikuwa amelificha hilo peke yake, huko machungani, na kama alilificha kwa kumwonea Tomasi huruma au kwa kumwekea siku ya kulipiza, hakuna ambaye angejua. Spana aliangalia viatu vyake. Stesheni, mtu wa milima na tembo, aligeuza macho upande wa barabara. Odilia alishika birika akalisahau mkononi.

— Mimi, mama, alisema Timotheo.

Mama Peter alimtazama, akasubiri aendelee. Aliona kwamba mwalimu ameanza kusema, na alikuwa na subira ya mtu aliyetoka mbali. Timotheo alifungua mdomo. Alitafuta neno moja katika yale yote aliyowahi kuyasema Ijumaa baada ya Ijumaa, mbele ya vijana waliokuwa wakimtazama hivi hivi, na hakupata hata moja ambalo angeweza kumpa mama huyu akaondoka nalo.

Dereva wa bodaboda akasema basi la Kilosa litamwacha mama. Mama Peter akasimama, akaikaza khanga yake kichwani.

— Haya, mwanangu, alisema. Ukilipata hilo neno, utakuja umwambie Shimba.

Akapanda katikati ya dereva na godoro, wakaondoka kuelekea stendi.