Bwana Mita na Mahindi ya Mama Mkwe

Mimi na marehemu tumeachiana ziwa. Wifi yangu, mjane wake, ameniomba wasifu huu niusome mimi, kwa sharti kwamba nisimpambe. Basi simpambi.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1952, mtoto wa pili wa fundi cherehani. Alisoma shule ya msingi ya misheni, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1974 akahitimu chuo cha kilimo. Tangu utotoni alikuwa mtu wa kunyoosha mambo. Tukigawana muwa, mpimaji ni yeye, na kipande kifupi alikichukua mwenyewe.

Mwaka 1975 serikali ilimwajiri kuwa mkaguzi wa mbegu kwenye kituo cha utafiti wa mahindi, akabaki hapo hadi kustaafu mwaka 2012. Watafiti walizalisha aina mpya, naye alihakikisha hazichanganyiki. Chavua ya mahindi huchukuliwa na upepo, kwa hiyo mahindi mengine hayakuruhusiwa karibu. Alizunguka na utepe wake wa kupimia mpaka wakulima wakamwita Bwana Mita. Wakimwona kwa mbali waliambiana, "Ficheni hata bisi."

Alifunga ndoa mwaka 1979 na mwalimu wa shule ya msingi. Wifi alikuja na kopo la mbegu ya mahindi mekundu ya mama yake. Nyumba yao ya kituo ilipakana na mashamba ya majaribio, akaambiwa hapandi. Mwaka mmoja alipanda mashina machache nyuma ya bafu. Yalipotoa mbelewele, yale maua ya juu yenye chavua, kaka akaja mchana, akapima, akayafyeka yote. Siku hiyo hakupewa chakula. Alikunywa maji akarudi kazini. Jioni alisema, "Nikistaafu, mama watoto, nitakulimia shamba lako." Wifi akamjibu, "Nitakukumbusha."

Na alimkumbusha. Mama yake wifi alimletea mbegu mpya kila baada ya misimu michache, hadi alipofariki. Kaka zake wifi walikuwa wameshaacha mahindi mekundu, wanapanda ya serikali, na aliyewashawishi ni huyuhuyu shemeji yao. Kopo likawa ndilo la mwisho. Mtunza chumba cha baridi cha kituo alimwambia kaka, "Mzee, lete kiganja kimoja tu nikuhifadhie." Akakataa. Chumba ni cha mbegu za serikali, alisema; akianza na ya mkewe, kesho kila mtu ataleta yake. Alijua fika kwamba mbegu kwenye kopo la jikoni haidumu. Mpaka leo sijui alikuwa akijidanganya nini, na inaniuma.

Alipostaafu walihamia nyumba yao wenyewe. Alilima kwa mkono wake kipande cha nyuma, lakini hakupanda kabla ya kupima kama mbegu bado zinaota, maana ndivyo alivyokuwa. Alizitandaza mbegu kwenye sinia, akazifunika kwa kitambaa chenye maji. Kila asubuhi aliinama akafunua. Haikuota hata moja. Nilikuwepo jikoni alipomwambia wifi, "Zimekufa. Nimeziua mimi." Wifi aliendelea kuosha vyombo. Tangu hapo kaka alikilima kile kipande kila msimu, na hakupanda kitu.

Agosti mwaka jana alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa hospitali ya wilaya, na wauguzi walimhudumia vizuri. Kila mgeni aliyekuja kumjulia hali aliulizwa swali lilelile kabla hajakaa: "Kwenu hakuna mtu bado ana mahindi mekundu?" Watoto nao walizunguka kuulizia. Hayakupatikana. Alifariki tarehe 3 Juni mwaka huu, asubuhi, wifi akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, sisi ndugu zake wawili, na kipande cha shamba kilicholimwa.

Jana nilimuuliza wifi anataka nimalizie vipi. Akasema, "Sema nilishamsamehe. Lakini yale mahindi niliyataka."

Kaka, nimesema. Sasa pumzika, na amani iwe nawe.