Baba Yetu Moja, Bila Haraka

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka Papa Kalaba Léonard, kocha wa mbio wa mtaa wa Hewa Bora, aliyetutoka Alhamisi iliyopita akiwa na miaka sabini na moja. Papa Kalaba wa sekunde thelathini! Mnamjua, msinidanganye.

Mkimbiaji Joëlle Musonda alifika kwake na hofu. Msuli wa nyuma ya paja ulikuwa umemchanika mara mbili. Ulipona, lakini ulibaki umekaza, na daktari alishamwonya: ukichanika tena, mbio basi. Mashindano ya Kipushi yalikuwa yamebaki miezi miwili.

“Nyosha nione,” Papa Kalaba akamwambia. Joëlle akainama, akadundadunda mara tano, akasimama. Mzee akashika kichwa.

“Nani alikufundisha kuruka sawa chura? Tulia! Ukisikia inavuta, bakia pale. Segonde makumi tatu!”

Saa hakuwa nayo. Kipimo chake kilikuwa sala: Baba Yetu moja, polepole, mara tatu kwa kila mguu. Mwajuma, mwanafunzi wake mwingine ambaye ni Mwislamu, alisoma Al-Fatiha yake, akamaliza sawa kabisa na wenzake. Shida ilikuwa Joëlle. Alikimbiza Baba Yetu kama anayefukuzwa, akafika amina kwa sekunde kumi na mbili!

“We mutoto, Mungu iko na haraka? Anza tena!”

Akaanza tena. Kila siku, sekunde thelathini. Wiki ya sita vidole vyake vikagusa viatu, akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje.

Na Kipushi? Eeh, wasikilizaji! Mita mia nne. Kona ya mwisho Joëlle akasubiri yale maumivu anayoyajua. Hayakuja! Akafungua miguu, akashinda, akapitiliza moja kwa moja hadi kwa mzee, akamlilia kifuani.

Jumamosi tulimzika. Binti yake, Mama Adolphine, aliniambia: “Padri anaanza Baba Yetu. Naangalia, batoto yote ya mbio ya papa banaweka muguu mbele, banainama! Abakujua hata kama banainama. Nikacheka, nikalia.”

Joëlle naye aliinama. Siku hiyo ndiye aliyekuwa wa mwisho kusema amina.

Mama Adolphine na ukoo wote wa Kalaba, poleni sana. Nawe unayetusikiliza, mfikirie aliyekufundisha kutulia. Simama. Kisigino mbele, inama taratibu, usidunde. Sasa tunanyamaza sekunde thelathini, na mtangazaji wenu ameshainama.