Kisigino Kwanza

Kwenye basi la kwenda Burnley, kaskazini mwa Uingereza, niliketi nyuma ya Bi. Ormerod, mfumaji mstaafu wa kiwanda cha nguo, ambaye hawezi kukaa na mtu bila kumhoji. Alimuuliza binti wa pembeni yake anakwenda kusoma nini kidato cha tano.

"Dansi, bibi."

"Dansi nayo inasomwa?"

"Ina mpaka mtihani wa kuandika. Unaulizwa kwa nini mguu umekwenda pale."

"Mguu unakwenda kwa sababu umetaka. Mama yangu alinifundisha kucheza na viatu vya mbao, tukiigiza mlio wa mitambo ya kufumia. Hakuna aliyetupa cheti."

Akapiga kisigino sakafuni, kisha ncha ya kiatu, upesi upesi. Dereva akatazama kioo, nadhani alihofia injini imeanza kugonga.

Binti alishatoa daftari. "Rudia, bibi. Umeanza na ncha?"

"Kuandika dansi ni upuuzi," alisema Bi. Ormerod, na akarudia, safari hii polepole, mpaka kituo chake.

Alishuka, akamshukuru dereva, kisha akagonga dirisha kutoka nje.

"Kisigino kwanza," alisema. "Usije ukawaandikia watahini uongo."