Mwali wa Maji ya Grauental

Mgeni rasmi, Waziri wa Mazingira, Bi Friederun Asmussen. Bwana Meya, Detlev Kornhaas. Mabibi na mabwana.

Sisi wafanyakazi wa Maabara ya Maji ya Grauental ndio tunaoijua nuru kuliko watu wote wa milima ya Harz. Mimi niliyechaguliwa kusoma, Gerlinde mwosha vioo, nimeazima miwani ili niione karatasi. Karibu sana.

HISTORIA

Babu zetu walichimba fedha na metali ya risasi humu. Fedha ikaenda kwa wakubwa, risasi ikabaki majini na sumu yake. Watoto wa bonde la juu walichelewa kusema, na hakuna aliyejua sababu. Mdogo wangu Traudel alikuwa mmoja wao. Hakuwahi kulitamka jina langu lote.

MAFANIKIO

Ndipo ikaja mashine. Maji hunyunyiziwa ndani ya mwali wa moto, na taa yenye risasi ndani yake huupitisha mwanga wake humo. Kila metali humeza nuru ya aina yake, nyingine huiacha ipite. Ng'ambo, kioo chenye mistari huchambua rangi, na jicho la mashine hupima nuru iliyosalia. Iliyopungua ndiyo inayotuambia risasi ni kiasi gani. Tukafunga visima vibaya. Watoto wa bonde la juu sasa wanasema mpaka tunawaomba wanyamaze.

CHANGAMOTO

Maabara inafungwa mwezi ujao. Mgeni rasmi, Bwana Meya amekuandikia kwamba mashine imezeeka, haioni kitu, na maji ni safi. Anahofia vipimo vitafukuza watalii.

Leo asubuhi ameleta jagi lililo mbele yako.

"Ya wapi haya, Detlev?" nikamuuliza.

"Ya bombani kwangu, shangazi. Ndiyo tunayokunywa nyumbani kila siku."

Tukayapima. Risasi, hakuna kabisa. Lakini mwali ukawaka njano, rangi ambayo chumvi huutia moto. Hapo huwa tunaanza kushuku mikono yetu wenyewe, kwani chumvi ya kidole tu yatosha kuuchafua mwali. Dokta Roswitha, mkuu wetu, akatugeukia: "Nani kala bretzeli, ule mkate mgumu wa chumvi?"

"Usinitazame mimi," nikamwambia, "meno yenyewe yako wapi?"

Tukaosha mikono, tukaosha vioo, tukapima upya. Njano ile ile.

MAOMBI

Tuna ombi moja: maabara ibaki. Majibu kutoka mji mkuu huchukua wiki kadhaa, na mtoto ana kiu leo. Mungu akupe afya, wewe na wote unaowaamulia.

Bwana Meya, maji ya milima hii hayana chumvi. Yenye chumvi namna ile ni ya chupa, yale yenye gesi, hata yakikorogwa mpaka mapovu yaishe. Glasi iliyo mbele yako ndiyo ya bombani kwako. Mkeo ametukingia mwenyewe, akasema watoto wenu hawajawahi kuyaonja. Tumeyapima, na mashine imeiona risasi. Hatukuombi unywe, mwanangu. Tunaomba Mgeni rasmi aone tu kwamba hujaigusa.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Maabara ya Maji, Grauental