Saidi Kalisa, Aliyeshona Mifuko ya Bunduki (1928–1983)

Yanasomwa mazikoni Biryogo, Kigali, Jumamosi tarehe 10 Desemba 1983, na mdogo wake marehemu, Yusufu Munyakazi, kwa kuwa hakuna mkubwa mwingine aliyebaki wa kuyasoma.

Marehemu Saidi Kalisa alizaliwa hapa Biryogo mwaka 1928, mtoto wa kwanza wa Mzee Juma, muuza nguo aliyetoka Bagamoyo, na Mama Mukantwari wa Gisozi. Alihitimu chuo cha Kurani, kisha akasoma shule ya Wazungu miaka mitatu tu. Cherehani alifundishwa na Mhindi mmoja mjini, na tangu 1949 alishona barazani kwake. Alikuwa akiongea na pini mdomoni. Wateja waliitikia "ndiyo, ndiyo" bila kusikia kitu, ndiyo maana nusu ya mtaa ilivaa suruali fupi kuliko ilivyotaka.

Mwaka 1952 alimuoa Zainabu Nyirarukundo, wakajaliwa watoto wanne. Kitinda mimba wao, Mariamu, aliuawa tarehe 6 Mei 1969 akiwa na miaka tisa. Jirani alikuwa akisafisha bunduki yake ya kuwindia kanga, akidhani haina risasi. Mtoto huyo alikuwa wa tano kuzikwa mtaani kwa ajali ya namna hiyo tangu Uhuru. Kalisa hakumshtaki jirani. Alikwenda ofisi ya komini, serikali ya mtaa, kila Jumatatu, miaka mitatu mizima, na ombi lile lile: bunduki zisilale majumbani. Watu walimcheka. Munyakazi naye alicheka.

Mwaka 1972 komini ilikubali. Bunduki zote zikaenda stoo. Mwindaji achukue yake asubuhi kwa sahihi, airudishe kabla ya magharibi. Kalisa alishona mifuko ya turubai thelathini na mmoja, kila mmoja na namba yake, ili inayokosekana ijulikane mara moja. Thelathini ilijaa. Wa mwisho ulikuwa wa bunduki ya Mzee Juma, aliyoirithi Munyakazi.

"Ile iko imevunjika, kaka. Nilitupa," Munyakazi alimwambia.

Marehemu, aliyemkagua kila mtu, hakumkagua ndugu yake. Tangu hapo, kwa miaka kumi na moja, mtaa haukuzika mtu wa risasi. Hadi leo.

Hakuugua. Jana asubuhi alikwenda kwa Munyakazi kumpima kanzu ya Maulidi. Munyakazi alivuta kitambaa cha kanzu kilichokuwa juu ya kabati, na mkeka uliofungiwa bunduki ukaanguka pamoja nacho. Ikalia. Risasi ilimpata Kalisa tumboni.

"Yusufu," aliuliza akiwa sakafuni, "hii iko ile ya baba?"

"Ndiyo, kaka. Nilikudanganya."

"Sababu gani?"

Munyakazi alitaka tu kitu cha baba kibaki nyumbani, na kwa ajili ya kitu hicho amemuua mtoto wa baba. Kalisa alikata roho saa saba mchana, watu wakiwa bado msikitini kwa sala ya Ijumaa.

Ameacha mjane, Zainabu, watoto watatu, Habiba, Hamisi na Asha, wajukuu sita, na mdogo mmoja. Kwa desturi yetu, ndugu wa damu ndiye hushuka kaburini kumpokea maiti. Asubuhi hii Zainabu amesema, "Munyakazi asimuguse." Ana haki. Watashuka Hamisi na majirani.

Mwenyezi Mungu ampumzishe Saidi Kalisa kwa amani. Munyakazi atabaki hapa juu, amesimama.